Tamthilia na Sisi: Kutoka kwa Mkwaju wa Redioni hadi Isidingo



Kamati ya kijitabu hiki ilinitaka mimi mwenyekiti niandike historia. Sasa, historia ya hisa, mikopo na marejesho katibu ameshaiandika kwa tarakimu zake na mweka hazina ameihakiki, kwa hiyo sitairudia. Nimechagua kuandika historia ya kitu ambacho kimekaa na sisi miaka mingi kuliko sanduku letu la kufuli tatu, nacho ni tamthilia. Najua wapo watakaocheka. Wacheke tu. Lakini afunue daftari la faini yeyote anayetaka, aone sababu za kuchelewa. Ukiondoa mvua na msiba, inayofuata ni tamthilia, ingawa wengi waliandikisha "kuumwa kichwa".

Nianze na jina. Wenzetu wa Marekani huita michezo hii michezo ya sabuni. Ilianzia redioni huko kwao miaka ya 1930, na waliokuwa wakiilipia ni makampuni ya sabuni, kwa sababu msikilizaji wa mchana alikuwa mama wa nyumbani anayefua na kupika. Walijua kwamba mama akishikwa na hadithi leo, kesho atarudi, na akirudi atasikia tena habari za sabuni yao. Sisi ambao tumekoroga sabuni ya maji kwenye madumu na kuizungusha mtaa kwa mtaa tunajua sabuni inavyokataa kununuliwa. Kwa hilo mimi nawavulia kilemba.

Huku kwetu tamthilia iliingia kwa masikio kwanza. Kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na michezo yake kama Pwagu na Pwaguzi ya kutuvunja mbavu. Lakini uliotukamata kweli kweli ni Twende na Wakati, ulioanza Julai 1993. Ulikuwa wa nusu saa, mara mbili kwa wiki, saa za jioni. Wakati huo huku mlimani redio ilikuwa ya betri, na betri zikichoka tunazianika juani ili zipate nguvu ya kumalizia mchezo. Nyumba yenye redio ilijaa. Mtu anamenya ndizi, mwingine anapukuchua mahindi, mtoto yuko mgongoni, na wote kimya.

Humo ndani alikuwepo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake kila kituo anachosimama. Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu, kuanzia Usa River hadi mjini na kwenda Namanga, hatukuhitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Tulikuwa tunamuuzia ndizi! Mkewe aliitwa Tunu, akavumilia, akavumilia, mwisho akamwacha na kuanza biashara yake ndogo ya kujitegemea. Mkwaju akapata UKIMWI. Alikuwepo pia fundi cherehani, Fundi Mitindo, na mkewe Mama Waridi, ambao polepole walikuja kukubali uzazi wa mpango. Baada ya muda mwanaume mhuni kijijini hakuitwa tena mhuni, aliitwa Mkwaju, na akaelewa.

Kwa wale waliozaliwa baadaye inabidi nieleze kidogo miaka ile ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Miaka kumi baadaye ugonjwa ulikuwa kila mahali, dawa hakuna, na neno lenyewe halitamkwi. Msibani tulisema marehemu "aliugua muda mrefu" na basi. Mama hakuweza kumwuliza mumewe swali moja kuhusu safari zake. Sasa Mkwaju akiwa redioni, mama aliweza kumlaani Mkwaju kwa sauti, mbele ya mume aliyekaa pale pale anakunywa chai, na yule mume naye akatikisa kichwa kumsikitikia Tunu. Kilichotakiwa kusemwa kimesemwa, wala hakuna aliyepigwa.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikaja kufahamu kwamba tulikuwa tumepimwa. Kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma uliachwa usirushe mchezo ule, ukarusha vipindi vingine, makusudi, ili watafiti walinganishe watu wa Dodoma na sisi tuliosikia. Wakaona kwamba kule mchezo ulikosikika watu waliongezeka kliniki za uzazi wa mpango kuliko Dodoma. Dodoma wakaja kufunguliwa mwaka 1995. Mimi jambo hili silipendi hata leo. Nafahamu kwamba utafiti unahitaji kulinganisha, mweka hazina wetu kanieleza mara mbili, lakini miaka miwili kwa ugonjwa ule ilikuwa mingi kwa mtu wa Dodoma.

Ufundi wenyewe wa kuandika mchezo wa namna ile, wenye mtu mwema, mtu mbaya, na mtu wa katikati anayebadilika taratibu, haukutoka Dar es Salaam. Ulitoka Meksiko, kwa mtayarishaji wa televisheni aitwaye Miguel Sabido, miaka ya 1970. Naye aliupata kwa kuchunguza tamthilia ya Peru iliyoonyeshwa kuanzia 1969 hadi 1971, Simplemente María. Hii nataka niieleze maana inatuhusu. María ni msichana wa kijijini aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Akajifunza kusoma jioni, akajifunza kushona, akapata cherehani, na kwa cherehani ile akapanda hadi kuwa mbunifu wa mavazi tajiri. Hadithi ya uongo mtupu. Lakini wasichana wa kazi za ndani katika nchi zile wakaanza kujiandikisha madarasa ya kusoma na ya kushona, na cherehani za Singer zikauzika kama njugu. Siku María alipoolewa na mwalimu wake Esteban, watu wapatao 10,000 walifika kanisani Lima kushuhudia harusi ya watu ambao hawapo, wengine na zawadi mkononi.

Mnacheka? Hebu tuhesabu ni wangapi humu ndani mkopo wao wa kwanza ulikuwa wa cherehani.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi, lakini huku Bara Mwalimu Nyerere hakuitaka, aliona nchi ina shida nyingine za kumaliza kwanza. ITV ilianza mwaka 1994. Hapa Arusha televisheni za mwanzo zilikuwa kwa watu wenye uwezo, na watoto walijazana madirishani mpaka wakafukuzwa. Vijijini hakukuwa na umeme. Aliyekuwa nayo aliiwasha kwa betri ya gari, na betri hiyo lazima ipelekwe mjini kuchajiwa. Kisha vikaja vibanda vya video, na wale watafsiri wa filamu kama Lufufu, ambao walisema kwa Kiswahili hata ambayo staring hakuyasema.

Halafu ikaja Isidingo.

Kwa asiyejua, na sidhani kama yupo, Isidingo ni tamthilia ya Afrika Kusini. Ilianza huko kwao Julai 1998 na ikamalizika Machi 2020. Aliyeibuni ni Gray Hofmeyr. Sisi tuliiona ITV, tukiwa nyuma ya Afrika Kusini, kwa hiyo mtu mwenye ndugu Johannesburg alikuwa na nguvu kama mganga wa kienyeji: anajua nani atakufa. Neno isidingo kwa Kizulu maana yake ni haja, au hitaji. Hadithi iliwekwa katika mji wa kubuni wa mgodi wa dhahabu, Horizon Deep, ambapo akina Matabane, familia ya mfanyakazi wa mgodi, wanaishi karibu na wazungu wenye mali, hasa Barker Haines na mkewe Cherel.

Mgodi ule ndio ulionivuta mimi. Mwaka ule ule wa 1998, mwezi Aprili, mvua za El Niño zilijaza maji mashimo ya tanzanite pale Mererani na makumi ya vijana wakafia chini. Hakuna kata ya Arusha au Meru ambayo haikuwa na kijana wake Mererani, na bado wapo. Mwaka 2008 maji yakarudia tena. Kwa hiyo mama wa huku akiona ving'ora vya mgodi kwenye kioo moyo unamdunda, hata kama hajui neno moja la wanachosema. Ingawa ni lazima niseme ukweli, mgodi wa Isidingo ni msafi mno. Wana-Apolo wetu wakitoka shimoni hata mama mzazi hamtambui mtu mpaka aongee, wakati kule mtu anatoka mgodini na shati limenyooka. Na kadiri miaka ilivyokwenda mgodi wenyewe ukasahaulika, hadithi ikahamia kwenye kituo cha televisheni na ofisi za vioo.

Suala la lugha nalo ni historia. Watu wa Isidingo walizungumza Kiingereza, wakachanganya na Kizulu, Kiafrikana na lugha nyingine, na maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza. Sisi wengi ni wa darasa la saba. Basi kila nyumba ilikuwa na mkalimani wake, mtoto wa sekondari, na mkalimani akiwa hajui anatunga. Ndiyo maana tulikuwa tukikutana sokoni Tengeru Jumamosi tunagombana: kwako Barker amemnyang'anya mtu kampuni, kwangu Barker ameomba msamaha. Wote tumeona kipindi kimoja! Lakini mara nyingine Kizulu chenyewe kilituokoa. Umuntu ni mtu, abantu ni watu, inyama ni nyama, indlovu ni ndovu. Bibi mmoja, mama mkwe wa mwanachama wetu, hakujua Kiingereza hata salamu, alikuwa akiruka juu kila akikamata neno, akisema hawa ni ndugu zetu waliopotea njia.

Sasa kuhusu uongo wa tamthilia, maana nimeahidi kusema kweli. Hakuna mtu anayefua. Hakuna anayeosha vyombo. Chakula kinaletwa mezani, watu wanagombana, wanaondoka, chakula kinabaki, nacho hakipelekewi mtu. Kampuni inauzwa asubuhi na kurudishwa jioni bila muhtasari wala saini, wakati sisi kununua viti vya plastiki tulikaa vikao vitatu. Watu wanakufa na hawafi. Cherel aliua watu, akajulikana amekufa, na baada ya miaka akarudi akiwa amependeza kuliko alivyoondoka. Na mwanamke yule tulimpenda! Nimejiuliza sana kwa nini. Akina Matabane walikuwa watu wema kama sisi, wenye shida kama zetu, lakini jioni tulikuwa tunamsubiri Cherel. Nadhani mwanamke aliyeamka saa kumi na moja, akakamua, akapeleka maziwa barabarani, akarudi kupika, akaenda shamba, akamvumilia wifi yake mchana kutwa, ana haki ya kukaa nusu saa akimtazama mwanamke asiyemvumilia mtu yeyote.

Nimefanya hesabu, maana kikundi chetu ni cha hesabu. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni vipindi 260 kwa mwaka, yaani saa 130. Ni sawa na siku tano na saa kumi bila kulala, kila mwaka. Waume zetu wameitumia sana hesabu hii, na mimi huwajibu wahesabu na dakika za mpira wa Uingereza, kisha tulete madaftari yote mawili mezani. Hata hivyo kuna wenzetu ambao tamthilia iliwala. Mama mmoja aliacha maziwa yakaharibika zaidi ya mara moja. Mwingine alikopa kwa ajili ya kuku, akanunua televisheni, na kuku tulipokwenda kuwakagua hawakuwepo. Marejesho aliyalipa kwa taabu, tena kwa kuuza televisheni yenyewe. Simtaji, na tangu hapo kamati ya mikopo inakagua banda kabla ya kutoa fedha.

Lakini niwaambie jambo lililonifanya nisidharau tamthilia. Ndani ya Isidingo alikuwepo msichana Nandipha, aliyechezwa na Hlubi Mboya. Nandipha alikuwa na virusi vya UKIMWI. Mkwaju aliumwa ili atufundishe. Nandipha aliumwa halafu akaendelea kwenda kazini, kupendwa, kugombana na kuvaa vizuri, mwezi hadi mwezi. Kwetu ilikuwa ajabu. Nchini kwetu dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004, na wengi hawakuamini kwamba mtu anaweza kuzimeza na akaishi. Mama mmoja, sasa ni marehemu kwa sababu nyingine kabisa, aliniambia kwamba alipopata majibu yake hakumfikiria mchungaji wala nesi, alimfikiria Nandipha. Akasema, "Yule anaishi, kwa nini mimi nife?" Alilea watoto wanne akawamaliza shule.

Na kuna upande wa pili wa habari hiyo, ambao haukuwa wa kuigiza. Kati ya waigizaji wa tangu mwanzo alikuwepo Lesego Motsepe, aliyecheza kama Letti, binti wa akina Matabane. Nandipha wa kwenye mchezo alikuwa na virusi na mwigizaji wake hakuvihusu. Letti wa kwenye mchezo hakuwa navyo, bali Lesego mwenyewe alikuwa navyo. Alijitangaza hadharani Siku ya UKIMWI Duniani mwaka 2011, na watu wakamsifu kwa ujasiri. Mwaka uliofuata akasema ameacha dawa, anafuata njia nyingine za kujitibu. Alifariki Januari 2014. Habari ilipofika huku tulilia kama msiba wa jirani. Dada yetu mmoja ambaye alikuwa ameanza kwenda kwa mzee wa dawa za mizizi alikaa kimya wiki nzima, halafu akarudi kliniki. Hakunieleza sababu. Mimi pia sikumuuliza.

Mwaka 2013 nusura tamthilia itutoke. Serikali ilikuwa inazima mitambo ya analojia mji kwa mji. Dar es Salaam walizimiwa mwisho wa 2012, na Arusha na Moshi zamu yetu ikafika mwaka uliofuata. Bila king'amuzi televisheni ikawa kabati la kuwekea vitambaa vya kufuma. Wengi wetu tulirudi kujazana nyumba moja kama enzi za betri za kuanika juani, na mimi naamini kikundi hiki kilianzia pale pale, kwenye mkeka wa kutazamia. Wanawake wanaokutana kila jioni hatimaye wanaanza kuulizana ada za shule. Kwanza tulichanga vocha ya king'amuzi kwa zamu, kisha sukari ya chai, halafu mmoja akasema kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya Barker Haines, hatuwezi kuchangiana wenyewe? Hiyo ilikuwa kabla hatujawa na katiba wala akaunti. Usajili na tarehe utavikuta kwenye ukurasa wa katibu.

Michezo mingine naipitia haraka. Wachina walituletea Doudou na mama wakwe zake, TBC mwaka 2011, wakiongea Kiswahili. Mume wa Doudou wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo Doudou ana mama wakwe zaidi ya mmoja, na huku Meru hakuna aliyehitaji mkalimani kwa hilo. Hata Rais Xi Jinping aliutaja mchezo huo alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye Azam wakaleta Waturuki kwa Kiswahili, Sultan na majoho yake. Za kwetu nazo zimekuja, kama Huba, na vijana wetu wanazitazama kwenye simu, kila mtu na bando lake, kila mtu na masikio yake. Zinatengenezwa vizuri, siwezi kukataa. Tatizo ni kwamba mtu anaangalia mwenyewe chumbani, na kesho yake hatuna la kubishania.

Isidingo ilipomalizika Machi 2020 ilikuwa mwezi ule ule korona ilipoingia Tanzania. Hatukuwa na nafasi ya kuisikitikia. Tulikuwa tunashona barakoa.

Desemba 2024 Michelle Botes, mwigizaji aliyecheza kama Cherel, alifariki kwa saratani. Katibu alileta habari hiyo mkutanoni kabla ya kuita majina. Mama mmoja wa safu ya nyuma akauliza, naye hakuwa akifanya mzaha, kama safari hii amekufa kweli au atarudi. Nikamwambia huyu ni yeye mwenyewe, siyo Cherel. Akauliza kama ameacha watoto. Hakuna aliyejua, tukasimama dakika moja, kisha mweka hazina akafungua sanduku.